Televisheni Bapa Zinavyolipa Deni la Tyubu

Mwishoni mwa mwaka 2007, kwa mara ya kwanza, televisheni bapa za LCD ziliuzwa duniani kwa wingi kuliko televisheni za tyubu, zile zenye mgongo uliotokeza ambazo watu huziita chogo. Mnunuzi hakuhitaji kushawishiwa sana. Chogo ya inchi 29 ilikuwa na uzito wa kilo 40 au zaidi, na kuipandisha hadi ghorofa ya pili ya nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, kwa ngazi nyembamba zinazopinda, ilikuwa kazi ya wanaume wawili na mtu wa tatu wa kuelekeza. Sony PVM-4300 ya inchi 43, jitu la ukoo huo, ilikaribia kilo 200. Televisheni bapa ilikuja nyembamba, ikatundikwa ukutani, ikaacha sebuleni nafasi ya kiti kimoja zaidi, na kadiri miaka ilivyosonga ikazidi kupanuka huku bei yake ikishuka.

Hata hivyo, hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyohusu picha yenyewe. Kwa weusi wa kivuli, kwa ukali wa picha inayokwenda mbio, kwa kutazamika kutoka upande wowote wa chumba na kwa wepesi wa kuitikia amri, televisheni iliyoshinda sokoni ilikuwa nyuma ya ile iliyoshindwa. Mengi ya yale ambayo watengenezaji wameyatangaza tangu wakati huo kuwa uvumbuzi ni ulipaji wa deni hilo, fungu moja baada ya jingine, kila fungu kwa njia yake na mara nyingi katika televisheni tofauti. Ili kuona ni nini kimekwisha kulipwa na nini bado, ni lazima kwanza kueleza tyubu ilifanya kazi gani, kwa kuwa mambo iliyoyafanya vizuri ilipewa na maumbile yake, wala hakuna mhandisi aliyeyatafuta.

Tyubu ya kathodi ilibuniwa na Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897, miongo kadhaa kabla ya kuwapo matangazo yoyote ya televisheni. Ni chupa kubwa ya kioo kizito iliyofyonzwa hewa yote. Shingoni mwake mna bunduki ya elektroni. Usoni, kwa ndani, imepakwa unga uitwao fosfa, ambao hutoa mwanga unapopigwa na elektroni. Umeme wa volti 25,000 hivi katika televisheni ya rangi huzivuta elektroni hizo kuelekea usoni, na koili za sumaku zilizozungushwa shingoni huupeleka mwale kushoto na kulia, juu na chini, mstari baada ya mstari. Katika mfumo wa PAL uliotumika Kenya, picha nzima ilikuwa na mistari 625, na mwale uliushuka uso wa tyubu mara 50 kwa kila sekunde, safari moja ukichora mistari ya witiri na safari ifuatayo ile ya shufwa. Televisheni ya rangi ilikuwa na miale mitatu, ya nyekundu, kijani na buluu, iliyopitishwa kwenye bamba lenye matundu madogo ili kila mwale ufikie unga wa rangi yake tu.

Jambo la kuzingatia hapa, na ndilo linalosahaulika, ni kwamba televisheni ya tyubu haikuwahi kuonyesha picha nzima kwa wakati mmoja. Mtu akiipiga picha kwa kamera yenye kasi kubwa sana, ataona utepe mwembamba unaong'aa na eneo lote lililobaki likiwa giza, kwa sababu fosfa huwaka kwa kitambo kidogo mno mwale unapopita, kisha hufifia. Picha iliyokamilika ilikuwa ndani ya jicho la mtazamaji. Palipotakiwa weusi, mwale ulizimwa na pakawa giza kwa kuwa hapakuwa na chanzo kingine cha mwanga. Fosfa ilitawanya mwanga wake pande zote, kwa hiyo aliyekaa pembeni aliona rangi zile zile alizoziona aliyekaa katikati. Tena umeme uliotoka kwenye antena ulikuwa tayari unausukuma mwale, bila kompyuta ya kuuhifadhi na kuufikiria, na kwa hiyo ucheleweshaji haukuwa wa kusemwa.

Isidhaniwe kwamba ninaililia. Chogo ilimemeteka, hasa pale palipokuwa na weupe mwingi, na waliokaa nayo karibu waliumwa na kichwa. Mistari iliyonyooka ilipinda kwenye pembe. Usumaku wa dunia wenyewe uliuvuta mwale, kiasi kwamba viwanda vilirekebisha tyubu kulingana na upande wa dunia zilikokwenda kuuzwa, kaskazini, kusini au ukanda wa ikweta. Na ule mngurumo mfupi uliosikika televisheni ilipowashwa ulikuwa wa koili iliyofuta usumaku uliojikusanya kwenye bamba la matundu. Nyumba iliyowahi kuweka spika kubwa kando ya televisheni inayajua madoa ya zambarau na kijani yaliyobaki pembeni mwa skrini. Kioo chake kilikuwa na risasi, ile metali yenye sumu, ili kuzuia mionzi, nayo ni sababu moja ya kutozitupa maiti zake ovyo jalalani.

LCD hutokana na wazo lililo kinyume kabisa. Fuwele kimiminika, ambazo Friedrich Reinitzer alizigundua mwaka 1888 alipokuwa akichunguza kemikali itokanayo na karoti, hazitoi mwanga wowote. Huugeuza tu mwanga unaozipitia. Kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha vioo vya kwanza vya namna hiyo mwaka 1968. Nyuma ya skrini kuna taa inayowaka muda wote, na mbele yake kuna mamilioni ya vipenyo, kila kimoja kikifunguliwa na kufungwa kwa umeme kidogo. Aliyelala mchana katika chumba chenye madirisha ya luva anajua udhaifu wa mpango huu: hata ubao ukilazwa sawasawa, jua hupenya. Vivyo hivyo pikseli ya LCD, yaani nukta moja ya picha, iliyoamriwa kuwa nyeusi haiwi nyeusi bali kijivu iliyokoza. Katika aina ya LCD iitwayo IPS, weupe wake ni mkali mara 1,000 hivi kuliko weusi wake. Katika aina iitwayo VA, mara 3,000 na zaidi. Mchana hesabu hiyo haimsumbui mtu. Usiku, taa zikizimwa na filamu ikiwa na mandhari ya giza, skrini nzima hung'aa kwa ukungu wa kijivujivu, na nyuso za watu walio kivulini hupotea ndani yake.

Kabla LCD haijapata dawa, kulikuwa na televisheni bapa nyingine ambayo haikuhitaji dawa hiyo. Plazma, iliyobuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson, ilikuwa na vijumba vidogo vya gesi, kila kimoja kikitoa miale ya kuichangamsha fosfa yake yenyewe. Kwa tabia ilikuwa ndugu wa tyubu: weusi mzuri, mwendo safi, rangi zisizobadilika kwa pembe. Televisheni za Pioneer zilizoitwa Kuro, zilizotoka kati ya 2007 na 2009, ziliendelea kwa miaka mingi kutumiwa na wapimaji kama kipimo cha weusi. Lakini plazma ilikuwa nzito, ilitoa joto, na ya inchi 42 ingeweza kula wati 200 hadi 300, jambo ambalo mtu anayenunua umeme kwa tokeni hulihisi haraka, tena katika mji kama Mombasa, ambao mwezi wa Februari hauhitaji kuongezewa joto. Panasonic iliacha kuzitengeneza mwishoni mwa 2013. Samsung na LG zikafuata mwaka uliofuata. Kuna njia nyingine iliyokufa kabla ya kuzaliwa: Canon na Toshiba zilijaribu kutengeneza skrini bapa iliyo na bunduki ndogo ya elektroni nyuma ya kila pikseli, yaani tyubu iliyosagwa ikawa bapa, lakini gharama na kesi za hataza ziliichosha, na mwaka 2010 Canon ikaachana na mpango wa kuipeleka majumbani.

Dawa ya LCD ilitokana na taa ya nyuma. Hapo awali taa hizo zilikuwa tyubu nyembamba za floresenti, ambazo haziwezi kupunguzwa mwanga sehemu moja pekee. LED ya buluu, iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, ndiyo iliyowezesha kupata LED nyeupe, na hapo wahandisi wakaweza kuzipanga taa nyuma ya skrini kwa mafungu na kulizima fungu ambalo mbele yake kuna giza. Hapa mnunuzi anapaswa kuwa macho. Televisheni nyingi zinazoitwa LED madukani ni LCD zile zile, taa zake zikiwa zimepangwa ukingoni tu, au zikiwa nyuma lakini zote zinawaka na kuzimika pamoja. Jina la LED kwenye boksi halisemi lolote kuhusu weusi. Kinachosema ni idadi ya mafungu yanayoweza kuzimwa peke yake. Mwaka 2019 TCL ilianza kuuza televisheni za mini-LED, zenye maelfu ya taa ndogo sana zilizogawanywa katika mamia ya mafungu, na sasa zipo zenye maelfu ya mafungu. Hata hivyo skrini ya 4K ina pikseli zaidi ya milioni 8, kwa hiyo kila fungu bado linahudumia maelfu ya pikseli, na mwezi mchanga ukiwa angani kwenye filamu utaonekana umezungukwa na shungi la mwanga ambao haukuwapo alipopiga picha mpigapicha.

OLED ililimaliza suala hilo kwa kuifuta taa ya nyuma. Kila pikseli hutengenezwa kwa tabaka za kemikali za kaboni zinazong'aa zenyewe zikipitiwa na umeme, kazi iliyoanzia kwa Ching Tang na Steven Van Slyke katika kampuni ya Kodak mwaka 1987. Sony iliuza televisheni ya kwanza ya OLED mwaka 2007, ikiwa na inchi 11 tu. LG ikaleta ya inchi 55 mwaka 2013, kwa bahati mwaka ule ule ambao Panasonic ilikuwa ikiizika plazma. Na mwaka 2022 ikatoka aina inayotumia OLED ya buluu pamoja na nukta za kwantamu zinazoigeuza buluu hiyo kuwa nyekundu na kijani. Pikseli iliyozimwa ni giza tupu. Kwa kweli hapa deni limelipwa kwa riba, maana kioo cha tyubu chenyewe kilitawanya mwanga kidogo, na sehemu nyeusi iliyo karibu na nyeupe haikuwa safi kama ya OLED.

Gharama zake ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kemikali hizo huchoka, na pikseli zilizofanya kazi zaidi huchoka mapema, kwa hiyo nembo ya kituo cha habari inayokaa kwenye kona mchana kutwa inaweza kuacha alama isiyofutika. Tyubu na plazma zilikuwa na ugonjwa huo huo, na LCD karibu haina. Ya pili ni mwangaza. OLED za kisasa hupita niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) katika sehemu ndogo ya picha, lakini skrini nzima ikiwa nyeupe hujipunguza sana ili isipate joto. Sebule ya Kizingo au Nyali yenye dirisha pana linaloingiza mwanga wa bahari si chumba cha giza cha mhakiki wa Ulaya. Weusi ule wa ajabu hufunikwa na taswira ya dirisha lililo mkabala, na kwa anayetazama mchana zaidi ya usiku, mini-LED nzuri itamfaa kuliko OLED ya bei hiyo hiyo.

Sasa tufikie mwendo, ambalo ndilo fungu la deni lililo gumu kuliko yote na ndilo linaloelezwa vibaya kuliko yote.

Watu wengi hudhani picha ya LCD hufifia ukingoni vitu vinapokwenda mbio kwa sababu fuwele ni nzito kugeuka. Ni kweli kwamba fuwele huchukua milisekunde kadhaa, na zamani zilichukua zaidi, zikaacha mkia nyuma ya kila kitu kilichosogea. Lakini OLED hubadilika kwa muda unaokaribia milisekunde 0.1, na bado mpira unaopigwa kwa nguvu huonekana na ukungu. Fuwele, basi, hazibebi lawama yote. Sababu kubwa ni kwamba LCD na OLED zote mbili huichora fremu, yaani picha moja katika mfululizo, na kuishikilia, bila kuizima, mpaka fremu inayofuata ifike. Jicho, kwa upande wake, halisimami: likiufuata mpira, husogea kwa mwendo laini usiokatika. Kwa matangazo ya hezi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, kila picha hukaa palepale kwa milisekunde 20, na katika muda huo mpira kwenye skrini umesimama ilhali jicho limeshasonga mbele, hivyo taswira ya mpira huburuzwa juu ya retina. Ukungu huo hauko kwenye skrini. Unafanyika ndani ya jicho. Ndiyo maana ukiisimamisha picha unaukuta mpira ni mviringo safi.

Ukubwa wake unaweza kukokotolewa. Tuseme mpira unavuka skrini yenye pikseli 1,920 kwa sekunde mbili, yaani pikseli 960 kwa kila sekunde. Ukizidisha na sekunde 0.02 utapata pikseli 19 za ukungu. Kwenye tyubu, ambako nukta iliwaka kwa milisekunde moja au mbili na kuzimika, jicho lilipata mmweko mfupi, kisha giza, kisha mmweko mwingine mahali papya, na ukungu ungekuwa pikseli moja au mbili tu. Hesabu hii huleta matokeo ya ajabu: televisheni ya 4K inayoonyesha mpira wa miguu hupoteza sehemu kubwa ya pikseli zake kamera inapozunguka kufuata shambulizi, na nyasi ambazo zilihesabika mchezo uliposimama hugeuka kuwa rangi ya kijani tu. Mashabiki wanaojaa katika kumbi za kutazamia mpira pale Kongowea au Likoni wamelipia skrini kubwa, na kadiri skrini inavyokuwa kubwa ndivyo ukungu huo unavyochukua sentimita nyingi zaidi.

Tiba zipo tatu, na hakuna isiyo na madhara. Ya kwanza ni kuiachia prosesa ya televisheni ibuni fremu za katikati, ili zile 50 ziwe 100 na kila moja ikae nusu ya muda. Kwa mpira hufaa, ingawa mara kwa mara mguu wa mchezaji hupotea au wavu huyeyuka pale prosesa inapokisia vibaya. Kwa filamu, ulaini huo huondoa sura ya sinema na kuifanya ionekane kama kipindi cha studio, na wakurugenzi wa filamu wamelalamika hadharani kuhusu jambo hilo. Ya pili ni kuingiza giza kati ya fremu na fremu, au kuzimazima taa ya nyuma, jambo ambalo ni kuirudia tabia ya tyubu kwa makusudi. Mwendo hutakata mara moja. Lakini picha inayozimwa nusu ya muda hupoteza nusu ya mwangaza, na mmemeteko wa chogo hurudi pamoja na faida zake. OLED za LG za mwaka 2020 na 2021 ziliweza kufanya hivyo kwa hezi 120. Katika toleo la 2022 uwezo huo ukaondolewa, nadhani kwa sababu ni wachache waliojua kuwa upo. Ya tatu ni kuongeza fremu za kweli. Mwaka 2024 ziliingia sokoni monita za OLED za hezi 480, ambamo kila fremu hukaa milisekunde 2 hivi, na hapo ndipo televisheni bapa inapoanza kupumua shingoni mwa tyubu bila kuzima chochote. Ila ni mchezo wa kompyuta pekee unaoweza kuzalisha fremu hizo. Ili kuifikia milisekunde moja zingehitajika fremu 1,000 kwa sekunde, na mechi ya ligi inaletwa nyumbani kwa 50.

Kuna kinyume kidogo kinachofaa kutajwa hapa. Filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na OLED, kwa kuwa hubadilika papo hapo, huzionyesha fremu hizo zikiruka moja baada ya nyingine, na kamera inapozunguka taratibu picha huonekana kujikwaa. LCD, kwa uzito wa fuwele zake, huulainisha mruko huo. Uzembe uliolaumiwa miaka ishirini umekuwa na faida yake.

Kwa sababu mwendo ni mgumu kuueleza, umekuwa pia mahali pepesi pa kudanganyia. Boksi linaweza kuandikwa namba 200 au 400 karibu na neno la Kiingereza lenye maana ya mwendo, ilhali paneli iliyomo, yaani skrini yenyewe, ni ya hezi 60. Namba ya kuuliza ni hezi za paneli yenyewe, na kwa televisheni ndogo na za bei ya chini jibu ni 60 karibu kila mara.

Suala la pembe halihitaji maneno mengi. LCD ya VA, ambayo ina weusi bora, hupauka ukiitazama kutoka ubavuni. Ya IPS hustahimili pembe lakini weusi wake ni hafifu. OLED hutazamika kutoka popote, kama tyubu. Familia inayokaa mstari mmoja mbele ya skrini haitaona tofauti. Sebule ambayo wageni wameketi kuizunguka kuta tatu itaiona.

Kuhusu wepesi wa kuitikia, televisheni bapa za mwanzo ziliwaudhi sana wachezaji wa michezo ya video, kwa kuwa prosesa ilihifadhi fremu kadhaa ili kuzipamba kabla ya kuzionyesha, na mtu aliyebonyeza kitufe aliona matokeo baada ya milisekunde 50, pengine 100. Siku hizi televisheni nyingi zina hali ya mchezo inayozima mapambo hayo, na nzuri kati yake huchelewa milisekunde 10 au pungufu. Vijana wanaolipia mchezo kwa dakika katika vyumba vya michezo vya mitaani wangefaidika kama mwenye chumba angeiwasha, maana mara nyingi huachwa imezimwa.

Pana eneo moja ambalo tyubu inaongoza hata baada ya kufa. Bunduki ya elektroni haitoi mwanga kwa uwiano ulionyooka na umeme inaoupokea: ukiongeza umeme maradufu, mwanga huongezeka zaidi ya mara tano. Vipindi na filamu zote za miongo hiyo zilitengenezwa na watu waliotazama tyubu na kurekebisha picha mpaka ikapendeza juu yake. Televisheni bapa zilipokuja, kila kiwanda kilijipangia, na ndipo mwaka 2011 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, ulipotoa pendekezo BT.1886, linaloziagiza skrini bapa za studio zifuate mpindo wa hesabu uliopimwa kutokana na tyubu. Fuwele na OLED hazina tabia hiyo kwa asili. Zinaigizwa kwa jedwali lililomo ndani ya prosesa. Ukichagua hali ya filamu katika menyu ya televisheni yako, kwa sehemu kubwa unaiomba ijifanye tyubu. Kwa upande wa mwangaza na upana wa rangi, lakini, hakuna tena ushindani: picha za kawaida hutengenezwa kwa niti 100, kiwango kilichotokana na uwezo wa tyubu, ilhali picha za HDR, zenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, hutengenezwa kwa 1,000 na zaidi, na chogo yoyote ingebaki nyuma kabisa.

Yote niliyoyaeleza yanahusu televisheni bora za kila kizazi, na hapo ndipo mnunuzi wa kawaida wa Mombasa anapoachwa pembeni. Televisheni ya inchi 32 inayouzwa kwa wingi katika maduka ya mjini haina mafungu ya taa yanayozimwa, haina hezi 120, na weusi wake haujapiga hatua kubwa tangu miaka kumi iliyopita. Kwa kipimo cha picha tupu, usiku, katika kipindi cha kawaida, chogo nzuri ingeweza bado kuishinda. Kinachoiokoa ni umeme, wati 30 hadi 60 dhidi ya 70 hadi 100 za chogo ya inchi 21, pamoja na ukali wa herufi na king'amuzi kilichojengwa ndani.

Matengenezo nayo yamebadilika. Hewa ya chumvi na unyevu wa pwani huzila mbao za umeme za televisheni zote, na kuyumba kwa umeme huua sehemu ya pawa, ndiyo maana kifaa cha kulinda umeme ni ununuzi wa busara kuliko waya wa HDMI wa bei kubwa. Ila fundi wa chogo alibadilisha kipande kimoja kwa wakati. Katika LCD, kifo cha kawaida ni cha taa za nyuma: LED zimeungwa kwa mfululizo, moja ikiungua mstari mzima huzimika, na mwenye televisheni hubaki na sauti bila picha. Kurunzi ikimulikwa karibu na skrini, picha huonekana hafifu ikiendelea kucheza. Basi ugonjwa ni taa, na taa hubadilishwa. Kupunguza mwanga wa nyuma, ambao hutoka kiwandani ukiwa umewekwa juu kabisa ili ung'ae dukani, huurefusha uhai wake. Paneli ikipasuka, iwe ya LCD au OLED, bei ya kuibadilisha hukaribia ya televisheni mpya.

Limebaki deni moja ambalo halitalipwa kwa paneli yoyote, nalo ni la picha za zamani. Kanda za VHS za harusi na maulidi ya miaka ya 1990 zilirekodiwa kwa mistari iliyopishana, zikiwa na ukali mdogo ambao tyubu iliulainisha kwa maumbile yake. Televisheni ya 4K inapozipokea hulazimika kwanza kuiunganisha mistari ya witiri na shufwa ya nyakati mbili tofauti kuwa fremu moja, kisha kuitanua picha hiyo mpaka ijaze pikseli milioni 8, kisha, kwa ukaidi wa kiwanda, kuinoa. Matokeo ni nyuso za nta zenye kingo zilizokatikakatika. Aliye na kanda kama hizo aweke umbo la picha kuwa 4:3 ili watu wasinenepeshwe, ashushe unoaji hadi sifuri au karibu yake, azime upunguzaji wa chembechembe, na achague hali ya filamu. Kama televisheni yake haina tundu la waya wa njano, itambidi anunue kigeuzi kidogo cha kuingiza mawimbi hayo kwenye HDMI. Na kama chogo ya nyumbani bado inawaka, kanda zitazamwe humo, na nakala ya dijitali itolewe mapema, kwa kuwa utepe wa sumaku huota ukungu katika unyevu wa hapa kwetu hata usipochezwa.